Mlango wa Kwanza, Usio na Ngazi

Kigali, 9 Oktoba 2025

Dada Mukarugwiza,

Nyumba ya Kinyinya ni yetu tangu juzi Jumanne. Aliyesema hivyo ni karani wa ardhi, Ingabire, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akinigeuzia kompyuta nisome majina mawili. Lako limetangulia. Sikuomba. Alisema mkubwa huandikwa kwanza.

Salamu sasa. Sisi wa Remera ni wazima. Shallon anakusalimu. Anasema ameamka mke wa mwenye nyumba, lakini kodi ya tunapokaa bado inadaiwa mwisho wa mwezi kama zamani, na ngazi za kufika kwetu ghorofani hazijapungua hata moja. Ni ishirini na mbili.

Nyumba yenyewe ni ua mmoja wenye milango mitatu ya wapangaji, na kila mlango una vyumba viwili, jiko na bafu. Mlango wa kwanza uko juu, sawa na geti. Wa pili na wa tatu wako chini, kwa sababu kiwanja kinateremka kama viwanja vyote vya mji huu. Paa ni zima, ila mita ya umeme ni moja kwa milango yote mitatu, na hilo tutalirekebisha. Bila kile kiwanja chako cha Nyasubi ulichouza, ningekuwa bado naiangalia nyumba hii nikiwa barabarani.

Kuhusu mtaa usiwe na wasiwasi. Mtu aliyeripoti habari miaka thelathini na mmoja hanunui nyumba kwa maneno ya muuzaji. Muuzaji, mzee Zephaniah aliyekulia Uganda, aliniambia, "Hapa utalala kama mtoto, kaka." Sikumwamini. Nikaenda mara tatu: tarehe 28 Juni, 26 Julai na 30 Agosti. Nilichagua makusudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima ukiwa nje unafyeka na kuzibua mifereji. Mwandishi gani mwingine amewapata majirani wote barabarani, majembe mikononi, hawana pa kukimbilia? Nilihoji watu kumi na wawili. Wote walisema mtaa ni mtulivu. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya geti la jirani alisema jani likianguka unalisikia.

Ilyasi anakuja huko kununua mchele, ndiye anabeba barua hii. Niambie unaendeleaje.

Mdogo wako,
Bayingana


Kahama, 27 Oktoba 2025

Mdogo wangu Bayingana,

Mtu huanza na salamu. Nimekufundisha darasa la nne, kisha nimekukumbusha kwa miaka arobaini, na bado unaniandikia kama mimi ni mhariri na gazeti linakwenda mtamboni. Hamjambo? Shallon hajambo? Huku mvua zimechelewa. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Kanisani tumepata paa jipya, na sasa kwaya inasikika vibaya zaidi kuliko zamani.

Shallon ameniuliza kwenye simu kwa nini sitaki haya ya nyumba tuyaongee humo humo. Kwenye simu unaongea kama redio, na kesho yake unakana. Barua ninaiweka kabatini.

Nilipouza pale Nyasubi nilikwambia sharti langu moja. Sasa ninaliandika. Mlango wa kwanza, usio na ngazi, ni wangu. Nitahamia mwezi wa tatu. Hiyo mingine miwili wapangishe uwatakao, kodi tugawane, hata rangi chagua wewe.

Asante kwa kuuliza hali. Mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri.

Dada yako,
Mukarugwiza


Kigali, 20 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Majirani hawajambo? Mapacha wa mbuzi je? Shallon hajambo. Mimi sijambo. Sasa naomba ruhusa ya kutoa habari.

Nyuma ya ukuta wetu kuna shule ya chekechea yenye watoto mia moja na arobaini na wawili. Idadi hiyo nimepewa na mwalimu mkuu wake, Madamu Épiphanie. Wanaanza kuimba saa moja na nusu asubuhi. Wana ngoma mbili.

Shule ina geti jeusi kama mageti yote ya mtaa, na kibao chake kiko ndani ya ua. Siku za umuganda haifunguliwi. Mimi nilikwenda siku tatu za umuganda, mbili kati yake ndani ya likizo. Yule mama aliyekuwa akifagia na kunieleza habari za jani ni Épiphanie mwenyewe. Daftari langu lina jina lake na umri wake. Nilisahau kumuuliza kazi yake. Nilipokwenda kulalamika alicheka mpaka akashika meza.

"Muzehe, uliniuliza Jumamosi," alisema. "Ungeniuliza Jumatatu, ningekujibu ya Jumatatu."

Wanaoanza kazi yetu huwa nawafokea kwa kosa dogo kuliko hilo.

Hasara ni hii. Mpangaji wangu wa kwanza, muuguzi wa zamu ya usiku, alihamia mlango wa pili nilioupaka rangi ya krimu na kuuwekea vigae vipya bafuni. Alikuwa analala mchana, kwa maana ya kwamba alikuwa anajaribu. Siku ya tisa alinirudishia funguo bila ugomvi. Aliniomba tu nikasimame chumbani kwake dakika kumi, saa nne asubuhi. Nilisimama dakika nne.

Mlango wa tatu una ukungu. Ukuta wake wa nyuma umechimbiwa ndani ya mlima na maji yanapenya. Fundi wangu, Ntare, aliupiga kwa kiganja akasikiliza kama daktari.

"Muzehe, hii ukuta iko inakunywa."

"Tangu lini?"

"Tangu wajenge. Zephaniah alikuwa anaipaka rangi kila mwaka, basi inanyamaza."

Tunalazimika kuchimba mfereji nyuma yake, kujaza kokoto na kupaka lami ukutani. Kibali cha sekta, ofisi ya kata kwetu huku, kimetoka jana. Ntare hachimbi bila malipo ya kuanzia, na sasa hakuna kodi inayoingia kutoka chini.

Mlango wa kwanza unaendelea vizuri.

Wewe unaendeleaje?

Bayingana


Kahama, 11 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Ilyasi alichelewa na barua yako siku kumi na mbili, anasema ilikuwa chini ya magunia. Inanuka mchele, si vibaya.

Nimecheka kuhusu ngoma mbili, nikahurumia yule muuguzi. Watu kumi na wawili, Bayingana! Baba angekuwa hai, angesimulia jambo hili kila Krismasi.

Mlima huo unaousema: kutoka geti hadi milango ya chini kuna ngazi ngapi? Nauliza tu.

Mvua zimeanza. Pacha mmoja ni dume.

Dada yako


Kigali, 8 Januari 2026

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba yako. Tulikula sikukuu salama. Shallon alikuombea kanisani kwa sauti, mimi nikaitikia.

Ntare amemaliza mfereji. Una kina cha mita moja na nusu na urefu wa mita tisa. Siku ya kwanza alikuta chini ya udongo bomba la maji lisilo kwenye ramani yoyote. Siku ya pili alikuta mwenye bomba, akiwa amesimama juu yake akiuliza kwa nini kwake hakuna maji. Siku tatu zilikwenda kwa kuomba radhi. Kisha nikataka kuonyesha kwamba mwenye nyumba naye anafanya kazi, nikachukua brashi ya lami. Lami ilinitoka mikononi baada ya wiki. Nilihoji mkurugenzi mmoja nikiwa nimevaa glavu.

Sasa ukuta umekauka, tumeupiga lipu upya. Mlango wa tatu umechukuliwa na vijana wawili waliofunga ndoa mwezi uliopita. Wanasema kelele za watoto zinawapa hamu. Sikuuliza hamu ya nini. Mita za umeme sasa ni tatu. Mlango wa pili bado uko wazi.

Ngazi za kushuka ni kumi na moja.

Mlango wa kwanza una mapazia mapya.

Unaendeleaje? Nimekuuliza hali mara tatu sasa. Mara ya kwanza ulinijibu kwa mbuzi, na mara ya pili kwa mbuzi.

Bayingana


Kahama, 22 Januari 2026

Bayingana,

Salamu utazipata mwishoni, leo nafuata mtindo wako.

Nimetoa barua zako kabatini nikazisoma na kalamu nyekundu. Mlango wa pili umeuandikia rangi, vigae, na mgeni aliyekaa siku tisa. Mlango wa tatu umeuandikia ukungu, mfereji, bomba, lami, glavu na bwana harusi. Tangu nikuandikie sharti langu, mlango wa kwanza umepata maneno kumi na moja katika barua mbili. "Mlango wa kwanza unaendelea vizuri." "Mlango wa kwanza una mapazia mapya."

Anayeendelea vizuri ni mgonjwa. Mlango hauendelei. Halafu mapazia ni ya nani? Wewe huwezi kununua mapazia. Shallon angeyanunua angenipigia simu kuniuliza rangi.

Ulikuwa hivi hivi darasa la nne. Unaulizwa mbuzi wako wapi, unaandika insha nzima juu ya majani.

Swali ni moja, lijibu kwa sentensi moja: nani anakaa mlango wangu?

Salamu kwa Shallon peke yake.

M.


Kigali, 5 Februari 2026

Dada,

Anayekaa mlango wako ni Madamu Épiphanie wa chekechea, kwa mkataba niliouandika mwenyewe, kuanzia tarehe 15 Novemba hadi tarehe 31 Julai mwaka huu.

Hiyo ndiyo sentensi uliyoomba. Hizi nyingine ni zangu. Muuguzi alipoondoka, Ntare alikuwa anasubiri malipo na ukuta ulikuwa unakunywa. Épiphanie akaja na kodi ya miezi sita mkononi, akautaka mlango huo tu kwa sababu dirisha lake linaona geti la shule yake. Nikasaini. Nilidhani kabla ya mwezi wa tatu nitapata namna. Kila nilichokuandikia kilikuwa kweli, na nilikipanga ili usijue. Nimewahi kuwaandika mawaziri gazetini kwa jambo hilo hilo.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwake siku hiyo hiyo.

"Madamu, dada yangu anahamia kutoka Tanzania mwezi wa tatu."

"Karibu kwake! Atakaa mlango gani?"

Nikatazama mapazia.

"Muzehe, usiangalie pazia yangu hivyo. Ulisaini."

"Nilisaini."

"Mpaka lini?"

"Tarehe 31 Julai. Lakini kama ungeshuka mlango wa pili, ningekupunguzia kodi."

"Hapa nikikaa nakunywa chai naona nani anachukua mtoto wa nani. Kule chini iko nitaona nini? Tanki yako ya maji? Non. Ukitaka nitoke, ita wazazi wa watoto mia moja arobaini na wawili, uwaeleze wewe mwenyewe. Mimi nitaleta viti."

Ana haki. Mkataba ni wake hadi Julai na siwezi kumtoa. Kwetu Remera huwezi kukaa, ngazi ni zile ishirini na mbili.

Ndipo nilipoanza kuhesabu ngazi kama wewe ulivyozihesabu. Nikamuuliza Ilyasi, ambaye hana umbea na huongea uzito wa magunia tu, kama amekuona vizuri safari zake tatu. Alijibu: "Mama alinipokea amekaa. Mara zote tatu. Hata barua alimpa mtoto wa jirani aniletee mlangoni."

Dada, nani amekukataza ngazi?

Bayingana


Kahama, 17 Februari 2026

Mdogo wangu Bayingana,

Hamjambo? Mimi sijambo kwa mengi, ila nyonga ya kushoto imekufa. Daktari wa Mwanza alisema hivyo mwezi wa saba mwaka jana, mbele ya picha, akionyesha kwa kalamu kama mimi nilivyokuwa nikionyesha mipaka ya wilaya ubaoni. Natembea kwa magongo mawili. Mahali tambarare nakwenda mbali. Ngazi siziwezi. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja kunichukua, ungenipandisha ghorofani Remera, na ningebaki humo kama sanduku la nguo.

La pili. Wewe huandika "kile kiwanja chako cha Nyasubi". Mimi niliandika "nilipouza pale Nyasubi". Sikuuza kiwanja, niliuza nyumba. Hii ninayokaa. Aliyeinunua ni mwalimu wa sekondari, kijana mstaarabu, amenivumilia hadi tarehe 31 Machi, kisha analeta mke na watoto. Nilijua hutakagua. Kwa hiyo tumepatana vizuri, mwandishi na mwalimu, kila mmoja amesema kweli mpaka tumefika hapa.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachoka.

Sasa sikiliza. Épiphanie asiguswe. Mwalimu mkuu hahamishwi katikati ya mwaka wa shule kwa ajili ya nyonga ya mtu, na mimi siwezi kuingia mtaa mpya watu wakisema ndiye yule aliyemtoa Madamu. Nitakaa mlango wa pili. Kuhusu kelele, nimefundisha miaka thelathini na minne, kwa hiyo nitakuja na pamba za masikio.

Lakini ngazi sishuki, wala sibebwi. Usimwambie Ntare anibebe, wala vijana wa mlango wa tatu, wala wewe mwenye mgongo ule. Nitafikaje chini bila ngazi na bila kubebwa ni kazi yako. Una wiki sita, ondoa siku za Ilyasi na magunia yake.

Dada yako,
Mukarugwiza


Kigali, 5 Machi 2026

Dada Mukarugwiza,

Salamu kwako, kwa majirani, na kwa mwalimu aliyenunua nyumba, ambaye namshukuru kwa uvumilivu wake. Shallon amesoma barua yako mara mbili. Hasemi nami vizuri, lakini amekununulia godoro.

Zege limekauka. Aliyelitangaza ni Ntare, leo saa mbili asubuhi, baada ya kuruka juu yake kwa viatu vyote viwili.

Ni mteremko wa kutembelea, kutoka geti hadi mlango wa pili. Kwanza Ntare alichimba mmoja wa udongo, ulionyooka, wenye mita saba. Alisema unatosha. Niliazima magongo kwenye zahanati ili nihakikishe. Dirisha la darasa moja la Épiphanie limepita ukuta kidogo, na watoto walikuwa wamepanda madawati wanatazama. Nilifika nusu nikiwa nimesimama. Nusu nyingine nilifika nikiwa nimekaa.

"Muzehe," Ntare aliniambia akiniinua, "hii iko nzuri kwa kushusha viazi."

Tukapima upya. Ngazi ni kumi na moja, kila moja sentimita kumi na sita, yaani kimo cha mita moja na sentimita sabini na sita. Mhandisi wa sekta alisema kwa kila sentimita moja ya kushuka tembea kumi na mbili za kwenda mbele. Ni mita ishirini na moja. Ua haufiki huko, kwa hiyo njia inakata kona mbili, vipande vitatu vya mita saba. Pembeni kuna bomba la kushikia pande zote, na kwenye kila kona benchi la zege, kwa sababu Épiphanie aliuliza wewe utapumzikia wapi na mimi sikuwa nimefikiri. Juu ya zege Ntare alipitisha ufagio likiwa bichi ili lisiteleze. Maegesho ya gari yamekwisha kwa sababu ya kona hizo. Sina gari.

Leo nimeupita kwa magongo mara sita, tatu kushuka na tatu kupanda. Sikuanguka. Darasa zima lilihesabu kwa sauti, likakosea baada ya nne, mwalimu akanirudisha mwanzo. Kwa hiyo ni mara sita kwa hesabu yao, kumi kwa miguu yangu. Kutoka geti hadi mlangoni ni dakika mbili na sekunde hamsini kwa mtu asiyezoea magongo. Wewe utatumia chini ya hapo.

Mwezi wa saba uliniambia hutaki ngazi, na sikukuuliza kwa nini. Watu kumi na wawili wa Kinyinya niliwauliza. Wewe sikukuuliza kwa sababu nilihisi jibu litanitaka nifanye kitu. Hilo nalo liweke kabatini.

Mkataba wa Épiphanie ukiisha Julai utachagua mwenyewe, juu au chini. Nimemwambia hivyo kwa maandishi, akasaini, na safari hii ameongeza koma.

Ilyasi amekata tiketi mbili: yako kiti cha tatu karibu na mlango, yake pembeni yako, na mizigo yako itakaa chini ya basi na mchele wake. Basi linaondoka Kahama Jumamosi tarehe 14 Machi, saa kumi na moja alfajiri kwa saa za kwenu. Linatarajiwa kufika kituo cha Nyabugogo saa saba mchana kwa saa za kwetu, ambazo ziko nyuma ya zenu kwa saa moja. Nitakuwa hapo kuanzia saa sita.

Mdogo wako,
Bayingana